Kuhusu Tundu la Bwawa Lenu na Viatu vya Kaka Leodegar

Damasi Kobelo,
Kijiwe cha Makuli, nyuma ya maduka ya vyombo,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa Meneja,
Bwawa la Mapumziko la Tulizo,
Huko kwenu, njia ya Kisarawe.

Ndugu Meneja,

YAH: BWAWA LENU KUVUJA, KISHA KUPANDA, KISHA KUNIHARIBIA UCHUMBA

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi mimi, marahaba, nimeipokea. Tuendelee.

Unanijua. Mimi ndiye yule wa Jumapili, mwenye shati la kijani, niliyekuwa nimekumbatia kiroba cha mchanga wakati mlinzi wako anapiga filimbi. Najua hukufurahi. Na mimi sikufurahi. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni kuli. Nabeba mizigo Kariakoo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema mdomoni. Mke wangu alifariki, Mungu amlaze pema, na nimekaa peke yangu mpaka ikafika mahali napika ugali nasahau mboga. Nakaa nautazama tu ule ugali. Na wenyewe unanitazama.

Hapo ndipo akatokea Theopista. Theopista ni mama lishe, anapikia karibu na kijiwe chetu. Na yeye mume wake alishatangulia. Mwanzoni nilikuwa nakula kwake nikisikia njaa. Baadaye nikawa nakula kwake hata nikiwa nimeshiba. Watu wakaona. Awadhi, kuli mwenzangu, akasema mbele ya watu, "Damasi, wewe tumbo halikui, moyo ndiyo unanenepa." Nikaona aibu, lakini ni kweli.

Theopista ana kaka yake mkubwa, Leodegar. Watu wa Kibosho, Kilimanjaro. Kaka Leodegar anauza mchele wa jumla, na kwao baba hayupo, kwa hiyo yeye ndiye baba. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nenda kabebe mizigo. Akamwambia dada yake, "Mlete huyo mtu na watu wake, nimtazame akiwa anakula. Mtu namjua akila."

Sasa anitazamie wapi? Chumba cha Theopista kiko Buguruni, kinatosha watu wawili, mmoja akiwa kitandani. Changu hata kitanda kinaingia kwa kubembelezwa. Theopista akasema twende bwawani, kuna upepo, kaka anapenda upepo. Ndiyo tukaja kwenu. Tulikuja kwa heri kabisa.

Ninachotaka kwako ni kitu kimoja, nakisema mapema usije ukachoka kusoma. Nataka barua yenye muhuri. Iseme kosa lilikuwa la bwawa, siyo la Damasi. Nimpelekee Kaka Leodegar. Asipoiona hiyo barua, sina mke.

Sasa malalamiko.

1. UBAO WENU. Pale getini mna ubao wa masharti. Niliusoma wote, wenzangu wakanisubiri juani. Usioge umelewa. Usifue nguo. Usirushie bata mawe. Usiingie na chakula kutoka nje. Hilo la chakula mlinzi wako alitusamehe baada ya Shemeji Agnesi, mke wa Kaka Leodegar, kumtazama. Basi. Hakuna mahali pameandikwa usizibe tundu. Nimeusoma tena wakati tunafukuzwa, nikasoma na nyuma yake. Hamna.

Mtu mwenye akili atafanya nini? Ataona kuziba kunaruhusiwa.

2. TUNDU LENYEWE. Hapa nitakaa kidogo.

Kwa kawaida mwanaume haendi ukweni peke yake. Ndugu zangu wako Matombo, Morogoro, nauli ni mtihani. Kwa hiyo upande wangu nilikuja na Awadhi na Sadalla. Wote makuli. Wote walipiga pasi. Sadalla alibeba bando la viroba vitupu ili wageni wakitaka kukaa kwenye majani wasichafuke. Kuli akitoka bila kiroba anajihisi kama kasahau suruali.

Tukafika, tukasalimiana. Kaka Leodegar ana simu mbili na anaongea zote. Nyama ikawa jikoni kwenu inachomwa. Shemeji Agnesi alikuja na sufuria ya machalari, ndizi na nyama, sufuria kubwa ya msiba. Kisha Kaka Leodegar akasema, "Bwana Damasi, wewe na watu wako zungukeni kidogo, sisi tutete." Ni sawa. Ndivyo inavyokuwa. Upande wa mwanamke lazima utete.

Tukazunguka. Tukafika kwenye ule ukuta wenu wa udongo, upande wa mwisho. Tukaona tundu. Kubwa, kama mdomo wa pipa. Maji yanatoka, yanamwagika bondeni, usiku na mchana, na hakuna mtu anayelia.

Awadhi akasimama. "Oya. Bwawa la watu linaisha hivi hivi."

Sadalla akasema, "Jumapili leo. Tumekuja kuposa, hatukuja kazini."

"Maji yanajua Jumapili?"

Mimi nikawa naliangalia tundu. Lakini Ndugu Meneja, sisi Kariakoo tuna utaratibu wetu. Kiroba kikitoboka, mchele ukaanza kumwagika, wa kwanza kuona ndiye anayeziba. Huulizi ni cha nani. Huulizi tajiri kaenda wapi. Ukianza kuuliza, mchele umeisha. Na mimi nilikuwa wa kwanza kuona. Awadhi anasema ni yeye, lakini yeye aliona maji, mimi niliona tundu.

Tukavua mashati, tukakunja suruali, tukaanza.

3. MCHANGA WENU NI MBOVU. Pale mna ufukwe wa watoto, mchanga mweupe, una vikoleo vya plastiki. Tuliuchukua huo kujaza viroba. Umechanganywa na vumbi. Ukibana, unatoka kwenye nyuzi. Ilibidi tuviweke viroba viwili viwili, kimoja ndani ya kingine, ndiyo vikashika. Mtoto mmoja alituuliza ufukwe unaenda wapi. Tukamwambia unaenda kazini.

Mkiagiza mchanga tena, agizeni mzuri. Huwezi kujua lini utahitajika.

4. BWAWA KUPANDA BILA KUTOA TAARIFA. Tulirudi mezani, tumenawa, mashati tumevaa. Hatukusema kitu. Tulitaka waone wenyewe wakati wa kuondoka, wafurahi. Theopista alinitazama mikono akaninong'oneza, "Ulikuwa wapi, mbona una udongo kwenye sikio?" Nikamwambia upepo.

Nyama ikaja. Tukaanza kula. Kaka Leodegar ananitazama ninavyokula. Mimi nakula kwa adabu mpaka nyama inashuka pole pole inanikera.

Bata akapita chini ya meza. Kaka Leodegar akasema, "Bata wa huku hawaogopi watu." Akapita mwingine. Huyu wa pili alikuwa anaogelea.

Ndugu Meneja, bwawa la maana linapiga hata kengele. Lenu lilikuja kimya kimya kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

5. MEZA ZENU NI ZA ZEGE. Haziwezi kuelea. Mahali pa maji, meza ielee.

6. KUKATIZWA SWALI. Hili ndilo linaniuma kuliko yote, lisome taratibu.

Kabla hatujajua maji yanatoka wapi, Kaka Leodegar alikuwa ameshafuta mdomo, ameweka simu zote mbili mezani kifudifudi. Akaniuliza, "Bwana Damasi. Dada yangu ameshateseka. Wewe una nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Theopista alinifundisha tangu Alhamisi, anachambua mchele huku ananisikiliza: nina afya, nina kazi, namcha Mungu, sinywi sana. Hapo kwenye "sana" aliniambia nipaache. Nilisimama kabisa nijibu. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Kaka, mimi nina..."

Viatu vyake vikapita mbele yangu.

Alikuwa amevivua apumzishe miguu. Vya ngozi, kahawia, vya kamba. Vinaenda vimeongozana kama vinaenda kanisani. Bata nyuma.

Hapo kila kitu kikaharibika. Shemeji Agnesi alikuwa ameweka sufuria ya machalari chini, kwenye majani. Sufuria ikanyanyuka na mfuniko wake, ikaanza safari. Akapiga kelele, "Leodegar! Ndizi zinaenda!"

"Viatu kwanza!"

"Viatu vinaliwa?"

"Agnesi, vile viatu ni vya Italia!"

"Basi vinajua kuogelea!"

Kaka Leodegar akapanda juu ya meza, miguu mitupu. Theopista akasimama kwenye maji, kashika kiuno, ananitazama mimi. Hakumtazama kaka, hakutazama sufuria. Mimi tu. Yule mwanamke ana akili sana. Alikuwa ameshaunganisha maji na sikio langu.

Ndipo mlinzi wako akaja mbio, filimbi mdomoni. "Nani kaziba? Nani kaziba njia ya maji?"

Nikainua mkono. Sadalla akainua. Awadhi akainua yote miwili. Tulijua sasa tunapewa asante.

7. LUGHA YA MLINZI. Alituita majina ya wanyama. Wengine sidhani kama wanapatikana Tanzania. Sitayaandika, barua hii itapita posta.

Kisha akasema eti lile tundu mmeliweka makusudi. Nikamwambia arudie. Akarudia. Makusudi. Eti maji yakizidi yatokee pale. Ndugu Meneja, nimeishi miaka mingi, nimebeba ndoo za kila aina, za Mzee Rajnikant mwenye duka la vyombo nimebeba mpaka nazijua kwa uzito. Sijawahi kuona mtu ananunua ndoo mpya, anaipeleka nyumbani, anaitoboa makusudi. Kama lilitoboka lenyewe, ni bahati mbaya, nawapa pole. Kama mmelitoboa nyie, kosa ni kubwa zaidi. Chagueni.

8. UKUTA. Mlinzi akasema tukichelewa ukuta utakatika, maji yashuke kwenye bustani za mchicha za watu huko chini. Nikamuuliza ukuta ni wa nini. Akasema udongo. Mnazuia maji kwa udongo. Hapo sina la kuongeza.

9. KUZIBUA. Mlinzi wako na mpishi wako walivuta viroba vyetu, wakavuta, wakakaa chini. Havikutoka. Vilikuwa vimezibwa na watu wanaojua kuziba. Ikabidi watuite sisi tena. Hapo sikusikia jina la mnyama hata moja.

Sadalla alikuwa kwenye maji mpaka kifuani anasema, "Tumeziba bure, tunazibua bure. Leo posa hii inatuua." Awadhi akamjibu, "Vuta, wewe, shemeji anatuangalia." Sijui alimaanisha shemeji yupi. Wote walikuwa wanatuangalia.

10. CHOO KIKO MAHALI PABAYA. Choo chenu cha wanaume, kile cha mabati, kipo bondeni, mbele kabisa ya lile tundu. Kwa nini? Kama tundu mlilitoboa makusudi, mlijua maji yanapita pale. Na choo mkakiweka pale. Na mtu ameingia humo.

Aliyeingia ni Kaka Leodegar. Suruali ilikuwa imelowa, akaenda kubadilisha, ajifunge khanga ya mke wake. Hatukumuona akienda. Mlinzi alisema vuta, tukavuta. Kiroba cha kwanza kikatoka, vingine vikafuata vyenyewe, na bwawa likashuka lote kwa hasira.

Choo kiliondoka. Kwanza mabati, kisha paa. Kaka Leodegar alibaki amesimama palepale, khanga kiunoni, maji yanampita kulia na kushoto, mkononi kashika komeo la mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umeshafika kwa jirani.

Mtu wa simu mbili, kanyamaza. Hapo ndipo nikaogopa.

11. JINA LA MTU KUCHAFULIWA. Hapa mmekosea nyinyi peke yenu, hakuna wa kusaidiana naye. Viroba vile tulivyoziba navyo ni viroba vitupu vya mchele. Tunaachiwa na matajiri tunaowabebea. Sasa vingi vilikuwa vimeandikwa kwa rangi nyekundu, LEODEGAR MCHELE SAFI. Mlinzi akaviokota vikiwa vimetapakaa bondeni, akasoma, akauliza kwa sauti, "Leodegar ndiyo nani?"

Mimi nilikuwa naomba Mungu asijibu. Kaka Leodegar, na komeo lake, akasema, "Ni mimi."

Sasa nasikia getini mmebandika karatasi: LEODEGAR NA GENGE LAKE WASIINGIE. Mtu mwenye duka la jumla! Mzee wa kanisa! Habari ilifika Kariakoo kabla yetu sisi wenyewe. Wauza mchele wenzake wanampita dukani wanamuuliza kama anauza na pantoni. Sadalla naye mmempiga picha kafumba macho, mmeiweka hapo hapo. Analalamika pia, lakini huyo si wa kumsikiliza, hata kwenye kitambulisho chake kafumba.

12. SAMAKI. Mmesema tumeiba samaki. Maji yalipoondoka, perege walibaki kwenye majani wanarukaruka, na sufuria ya Shemeji Agnesi ikawa imerudi yenyewe, imekwama kwenye kichaka, mfuniko upo, machalari salama kabisa. Akakusanya samaki wawili watatu juu ya mfuniko. Alisema kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Yeye peke yake ndiye aliyefurahia siku ile, na nyinyi mnataka kumharibia.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa sikia hali yangu.

Tangu siku ile Theopista ananipa chakula, lakini anaweka sahani kama anaweka tofali. Mchuzi haumwagi. Anachota, anafikiri, anarudisha nusu. Juzi nikamwambia, "Mama, nisamehe basi." Akasema, "Nilikwambia ufanye vitu vitatu, Damasi. Ukae, ule, ucheke na kaka. Nani alikwambia ujenge?"

Nikamwambia lilikuwa linavuja.

"Lilikuwa linavuja kabla hujazaliwa!"

Watu wote kwenye benchi wakacheka. Nikala haraka nikaondoka, na ndizi nikaiacha. Mimi naacha ndizi! Usiku nikapika ugali. Tukatazamana.

Yeye ndiye aliyeniambia maneno ya kaka yake. Kaka Leodegar kasema, "Huyo mtu kaziba bwawa la watu kwa jina langu. Kesho ataziba nini?" Kasema jina lake likisafishwa kwa maandishi, na wenye bwawa wenyewe, atafikiri. Hajasema ndiyo. Kasema atafikiri. Mimi hapo kwenye kufikiri ndipo nilipojishikiza.

Kwa hiyo naomba haya kwa heshima. Barua iseme kosa ni la bwawa. Iseme Leodegar hana genge. Iseme Damasi ni mtu mzima, mchapakazi, aliyekuja kupumzika akakuta mambo hayajakaa sawa. Karatasi ya getini itoke. Choo kihamishwe kabla hakijamchukua mtu mwingine. Na kiatu. Cha kulia tulikipata. Cha kushoto bado kiko kwenu, mtakiona maji yakitulia, kahawia, kina soksi ndani.

Kama mnataka tuje tuwazibie vizuri kwa saruji, tupo. Jumapili hatuna kazi.

Nakushukuru kwa kunisoma mpaka hapa, najua una mambo, una bwawa la kujaza upya. Msalimie mkeo na watoto. Msalimie mpishi, nyama ilikuwa nzuri, chumvi kidogo ilizidi. Msalimie mlinzi wako, mwambie sina kinyongo naye, nimemuita jina la mnyama mmoja tu na kimoyomoyo. Wasalimie wenye bustani za mchicha. Wasalimie na wale bata. Huku wote wazima, Awadhi anawasalimu ila amesema niandike kwamba siku ile hakuwepo.

Ni mimi niliyelowa,

Damasi Kobelo
Kuli

Nyongeza:

Ndugu Meneja, barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Usiitumie. Yaani uisome, lakini usiifuate.

Asubuhi hii Kaka Leodegar amekuja kijiweni kwa miguu. Kavaa ndala. Makuli wote tukasimama. Nikajua leo ndiyo leo, nikavua kofia. Akakaa juu ya mkokoteni wangu, akaniambia hivi:

"Bwana Damasi, nina duka miaka yote hii. Kila siku kuna kitu kimemwagika. Kila siku nauliza, nani kamwaga? Wanaangalia dari. Wanaangalia viatu. Shemeji yangu yule marehemu, mume wa Theo, alikuwa mtu mpole, lakini hata ukimkuta na kikombe kilichovunjika mkononi alikuwa anasema kakikuta hivyo. Dada yangu aliishi na mtu wa kukikuta hivyo mpaka akamzika. Juzi nimesimama juu ya meza, nimelowa, nasikia mtu anauliza nani kaziba. Na wewe ukainua mkono. Hukusubiri hata amalize. Nimelala nalo hilo siku zote hizi. Umeniharibia choo, viatu na jina. Lakini mkono uliinua."

Kisha akasema, "Shemeji, leta wazee wako kutoka Morogoro. Hawa makuli wawili wasije."

Kaniita shemeji! Mbele ya watu! Theopista alikuwa anapakua pale karibu, anajifanya hasikii, kamwagia mteja mchuzi mpaka kwenye meza.

Na lile tundu kanieleza, kwa kutumia kikombe cha chai. Nimeelewa. Liacheni lilivyo. Malalamiko yote futa, isipokuwa la choo, na hilo kalisema yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ile barua ya muhuri bado naitaka, ila igeuze. Andika kosa lote ni la Damasi Kobelo. Bwawa halina kosa. Leodegar hahusiki. Mtu alitoka Kariakoo na akili zake, akaziba kwa mikono yake, na alipoulizwa, akasema ni mimi. Muhuri uwe mkubwa, kaka anataka isomwe kwenye kikao cha ukoo.

Awadhi ameshasikia. Tangu saa ile anamwambia kila mtu aliziba yeye peke yake, na anamwambia Husna muuza juisi kwa sauti zaidi. Akikuandikia kutaka barua yake, usimpe. Alishika mdomo wa kiroba tu.

Na lile neno langu pale namba 6, kwamba tuliinua mikono tukidhani tunapewa asante. Kaka Leodegar sikumwambia. Na wewe usiliandike.